Chupa haikulia

Jana jioni kitinda mimba wangu alikuwa amekaa barazani anachezea chupa tupu ya maji, ile kubwa ya lita moja na nusu, anaibonyeza katikati inalia krak, anaiachia inalia krok, krak krok krak krok, na mimi niko jikoni nasonga ugali, nikajikuta nimeuacha mwiko kwenye sufuria nimetoka nje nimempokonya. Sikusema kitu. Akaniangalia tu, akaniuliza, "Mama, kwani chupa imekukosea nini?"

Ugali ukashika chini, tukala hivyo hivyo.

Ilikuwa Februari 2019, kipindi kile naenda mashuleni kufundisha huduma ya kwanza, na ile shule ya kata ya upande wa Chamwino, Dodoma, ndo ilikuwa yangu kila Jumanne baada ya vipindi. Mdoli wa kufundishia CPR, ile ya kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama, hatukuwa nao, tukatengeneza wetu. Kiroba cha mahindi, ndani tumejaza vipande vya godoro bovu, kichwa kidumu cha mafuta ya kula cha lita tatu, na pale kifuani katikati kabisa nikalaza chupa tupu ya maji, kizibo nimekilegeza kidogo. Ukibonyeza kiuoga chupa haisemi kitu. Ukishuka mpaka kama sentimita tano, inavyotakiwa kwa mtu mzima, inalia krak, na ukiachia kifua kirudi juu chote inalia krok. Nilikipenda sana kile kiroba. Ukiwa na wanafunzi arobaini na mdoli mmoja huwezi kuinama kuangalia kila mkono, lakini sikio linawasikia wote.

Siku ya kwanza walikicheka, nikawaambia hata yule mdoli maarufu anaitwa Resusci Anne alitengenezwa Norway mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtu aliyekuwa anatengeneza midoli ya watoto kuchezea, na uso wake umeigwa kwenye sanamu ya uso wa binti ambaye inasimuliwa aliopolewa mto Seine kule Paris na hakutokea ndugu wa kumtambua. Kicheko kikaisha. Kuna binti mmoja wa fomu thrii, mwembamba, sauti ya chini mpaka umsogelee, akanyoosha mkono, "Kwa hiyo madamu, watu wote wanajifunzia kwa mtu aliyezama?"

Nikasema ndiyo, ndo inavyosimuliwa.

Yule binti alikuwa na mikono mizuri. Wenzake wengi, hasa wasichana, walikuwa wanakunja viwiko kama wanatwanga, na ni kweli wametwanga tangu wadogo mwili umeshazoea kinu, sasa CPR inataka viwiko vinyooke na uzito utoke mabegani, ilinichukua vipindi viwili kuwatoa kinuni. Yeye alinyoosha tangu siku ya kwanza. Kasi tukaitafuta mezani, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, wakawa wanapiga dawati kama wanapiga ngoma ya muheme, mimi na simu nahesabu, wakizidisha nawarudisha. Thelathini kifuani, pumzi mbili, thelathini, pumzi mbili. Chupa inalia darasa zima linahesabu. Na mimi nasema kwa sauti, nakumbuka kabisa maneno yangu: "Mkisikia chupa inalia mjue mmefika. Isipolia bado hamjafanya kitu."

Wiki tatu baadae, Jumamosi, niko mnadani nanunua kuku, mwalimu wao wa bailojia akanipigia, mtoto kazama lamboni, wanafunzi wako ndo wako nae. Nikawaacha kuku hapo hapo, nikarukia boda.

Nitaeleza nilichokikuta maana ndo kinachonirudia.

Lambo lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe upande wa pili wanakunywa kama hakuna kilichotokea. Watu wengi wamesimama, hakuna anayeongea. Kandambili moja ya kijani iko kwenye tope. Na katikati ya watu yule binti yupo kwenye magoti, khanga imelowa mpaka kiunoni, mbele yake mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, kijana wa fomu foo yuko kichwani amekiinua kidevu vile vile nilivyowaonyesha. Anahesabu. Sauti ile ya chini ilikuwa imekauka imebaki kama mkwaruzo, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, anaacha, mwenzake anapuliza mara mbili, kifua cha mtoto kinapanda kinashuka, anaanza tena moja. Mdomoni kwa mtoto kuna povu jeupe, wanalifuta na pindo la khanga. Nikaambiwa walipofika waliwakuta wakubwa wamemning'iniza mtoto kichwa chini wanamkamua tumbo maji yatoke, na ni yeye, binti ambaye darasani husikii sauti yake, ndo aliyewapigia kelele wazee wamlaze. Wakamlaza. Akaanza na pumzi tano kwanza kama nilivyowafundisha kwa mtu aliyezama, ndo akaenda kifuani. Walishaendelea kama dakika ishirini.

Nikapiga magoti upande wa pili nikamgusa mtoto shingoni, na nikajua. Ubongo ukikosa hewa dakika nne mpaka sita unaanza kuharibika, na huyu hakuna aliyejua amekaa majini muda gani, wenzake aliokuwa anachunga nao mbuzi walikimbia kijijini kwanza kuita watu. Binti akanyanyua uso akaniangalia bila kuacha kuhesabu. Jasho na matope. Alikuwa ananiuliza kitu kwa macho na mimi nilikielewa.

Sikumjibu. Nikasema, "Endelea. Badilishaneni, usichoke." Halafu nikaingia zamu na mimi.

Alikuja tabibu wa zahanati, nae kwa boda, akammulika mtoto macho, akasikiliza kifua muda mrefu tu, akatazama saa yake, akasema taratibu, "Jamani, tumwache mtoto apumzike." Kijana wa fomu foo akakaa chini pale pale kwenye tope. Binti hakuacha. Alikuwa amefika kumi na tano akaendelea kumi na sita. Hapo ndo bibi wa marehemu akatoka kwenye watu, akainama kwa shida, akaishika ile mikono yote miwili ya yule binti kwa mikono yake, akaitoa kifuani kwa mjukuu wake kama mtu anavyotoa sufuria motoni, polepole, akaifuta matope na khanga yake, kidole kwa kidole. Akamwambia, "Inatosha mjukuu wangu. Ahsante. Nimekuona."

Msiba tulikwenda wote, hilo siliongezei neno.

Jumanne iliyofuata nilienda shuleni nikijua sitamkuta mtu. Wakaja wote arobaini. Hatukufundisha kitu, tuliongea ongea tukatawanyika, yeye akabaki anakunja kiroba.

"Madamu, nilikosea."

"Wapi?"

"Haikulia. Nilibonyeza haikulia, nikaongeza nguvu haikulia, nikajua sifiki. Muda wote nilikuwa najua sifiki."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa, miguu ikaisha nguvu nikakaa kwenye dawati.

Nikamwambia ukweli wote ninaoujua. Kwamba kifua cha mtoto kina mbavu laini, kinapinda bila kulia. Kwamba kwa mtoto unashuka theluthi moja ya kifua chake na yeye alikuwa anashuka theluthi, niliona kwa macho yangu, nimekaa hapo hapo ubavuni kwake. Kwamba hata kwa mtu mzima unaweza usisikie chochote, na ukisikia inaweza kuwa ni ubavu umevunjika na bado unaendelea. Kwamba ulifanya vizuri mwanangu, umefanya kuliko watu wazima wote waliokuwa pale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "kumbe", akaweka kiroba kwenye kabati, akaniaga kwa heshima zake zote, akaenda.

Nimeshaambiwa sana kwamba mtoto yule asingepona kwa vyovyote, nalijua hilo kuliko wanaoniambia. Linaloniuma ni lingine. Yule binti alipigana dakika zaidi ya ishirini huku anaamini anashindwa, anazidisha nguvu kutafuta mlio ambao haukuwepo, na mlio huo ni mimi niliyemwekea masikioni. Nilivyokuja pale na kunyamaza nikamwongezea dakika zingine. Kama ningesema neno moja tu, "unafika", sijui, labda angelala usiku ule.

Mwezi uliofuata niliitoa chupa. Nikaweka sponji tupu. Na ndo nikaona tatizo la pili, wanafunzi wakaanza kubonyeza kama wanapapasa ngozi ya mtoto mchanga, sentimita mbili, moja na nusu, wanaogopa kuumiza, na kifua kisiposhuka damu haiendi popote, hapo ni bora usingepiga magoti kabisa. Nikairudisha. Hata ile midoli ya madukani mingine ina kidude ndani kinalia tik ukifikisha kina, kwa hiyo walioitengeneza nao waliona kile kile nilichokiona mimi, kwamba anayejifunza anahitaji kitu cha kumwambia umefika. Nikaanza kusema kila kipindi, mara mbili mara tatu, jamani mtu halii kama chupa, angalieni kifua kinashuka kiasi gani, msisikilize. Wanaitikia ndiyo madamu. Halafu nawaangalia wakibonyeza, shingo zimeinama upande mmoja, wanasikiliza.

Yule binti alimaliza fomu foo akaondoka. Nilionana nae mara moja tu, pale Nyerere Square, Dodoma mjini, jioni, na wenzake wanakula ubuyu. Shikamoo madamu. Marahaba mwanangu. Tukaulizana habari za nyumbani, tukasifia mvua. Wakati wa kuagana akaniuliza kama bado nafundisha na kile kiroba, nikamwambia kile kilichanika tukashona kingine. Akatikisa kichwa kama anataka kuuliza jambo, hakuuliza, na mimi sikumsaidia.

Ile chupa ya jana nimeiosha, nimeianika, iko juu ya kabati ambako mtoto hafiki. Ameniomba mara mbili leo nimemwambia subiri. Jumanne naanza na darasa jipya, wako thelathini na sita, kiroba nimeshajaza sponji nimeshona pande zote, sehemu ya kifuani tu ndo nimeiacha wazi.