Seva nyingi, terminali moja: nilivyozishika mashine pepe kwa virsh

Kila nilipouliza namna ya kusimamia mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva halisi) zilizotawanyika kwenye seva kadhaa, jibu lilikuwa lilelile: funga jukwaa kubwa lenye kurasa za rangirangi, unda klasta, tenga seva nzima ya kuzisimamia nyingine. Mmoja aliniambia bila haya kwamba mstari wa amri ni wa watu waliopitwa na wakati. Sawa. Mimi niliyepitwa na wakati nahamisha mashine kutoka seva hadi seva watumiaji wakiwa kazini, hakuna anayeshtuka, na leseni sijalipia hata senti.

Chombo chenyewe ni virsh, programu ya mstari wa amri. Kinakuja na libvirt, mradi wa programu za kusimamia mashine pepe ulioanza mwaka 2005, na kwangu kinaendesha KVM, sehemu inayoiwezesha Linux kuendesha mashine pepe, ambayo imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Yaani KVM wengi wenu mnayo tayari. Funguo za SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) zikishakubalika kwenye seva zote, unaandika hivi ukiwa kwenye kompyuta yako:

virsh -c qemu+ssh://root@seva1/system list --all

Hilo neno "system" la mwishoni si pambo. Kuna fundi alinipa amri yenye "session", ikatoka orodha tupu, akatangaza kwamba mashine zote zimefutika. Hazikuwa zimefutika popote. "Session" huonyesha mashine za mtumiaji mmoja tu, na zile za seva nzima ziko "system".

Anwani ndefu namna hiyo huchosha vidole, kwa hiyo nilizipa lakabu ndani ya ~/.config/libvirt/libvirt.conf:

uri_aliases = [
"moja=qemu+ssh://root@seva1/system",
"mbili=qemu+ssh://root@seva2/system",
"tatu=qemu+ssh://root@seva3/system",
]

Sasa "virsh -c mbili list --all" inatosha. Juu ya hapo nikatunga kiskripti nilichokiita "wapi":

for s in moja mbili tatu; do
virsh -c $s domstate "$1" >/dev/null 2>&1 && echo $s
done

Naandika "wapi hesabu" na kinanitajia seva ambayo mashine ya hesabu imesajiliwa. Kikitaja seva mbili, basi kuna usajili wa zamani umesahaulika mahali, na usajili huo ni hatari: mtu akiiwasha mashine ileile pande zote mbili juu ya diski moja ya pamoja, data itaharibika. Majukwaa ya rangirangi hayakunipa kitu chepesi hivi. Ila weka ConnectTimeout kwenye mipangilio yako ya SSH, maana virsh hutumia ssh ileile ya kawaida, na seva moja iliyozimika itakuweka ukikodolea macho terminali.

Sasa nije kwenye kuhamisha, ndiko nilikopata ushauri mbovu kuliko wote. Amri yangu ilikuwa hii:

virsh -c moja migrate --live --persistent --undefinesource --verbose hesabu qemu+ssh://root@seva2/system

Ikagoma. Ikadai kwamba najaribu kuhamishia mashine kwenye seva ileile iliyomo. Seva mbili, kila moja na waya wake wa umeme, halafu naambiwa ni moja!

Washauri wakajaa. Wa kwanza akasema ni faiawoli. Poti za kuhamishia, 49152 hadi 49215, nilikuwa nimeshazifungua kati ya seva na seva, na faiawoli ikifunga ujumbe wake huwa mwingine kabisa. Wa pili akasema ni majina ya seva. Kidogo huyu alikuwa na hoja, kwa sababu libvirt kweli hulinganisha majina, lakini yangu yalitofautiana. Wa tatu, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi, akanishauri nifute mfumo endeshi wa seva ya pili nianze upya. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, kwa sababu ningefuta kila kitu na kukutana na kosa lilelile.

Nilichofanya ni kusoma ule ujumbe wa kosa hadi mwisho. Ulikuwa na namba: 00020003-0004-0005-0006-000700080009. Itazame vizuri. Namba ya kipekee gani hiyo inayopanda mbili, tatu, nne, tano kama mtoto anayejifunza kuhesabu? Nikaendesha "virsh capabilities" kwenye kila seva, nikaangalia UUID (namba ya kipekee ya utambulisho) ya juu kabisa, na seva zote zilikuwa na namba hiyohiyo. Libvirt huitambua seva kwa UUID inayosomwa kwenye fimuwea (programu iliyowekwa kiwandani) ya mazabodi, na aliyeunda mazabodi zile hakujisumbua kuandika namba halisi; aliacha ya kujazia nafasi. Kwa libvirt, seva zangu zote zilikuwa seva moja.

Ipo njia ya kuiambia libvirt isome machine-id, namba ya utambulisho ya mfumo endeshi, badala ya fimuwea, na mjuzi mwingine akaniharakisha niitumie. Nikazikagua machine-id za seva zote kwanza. Zilifanana herufi kwa herufi! Aliyezifunga seva hizo kabla yangu alinakili diski moja kwenda nyingine zote. Hapo nilicheka peke yangu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Nikatengeneza namba mpya kwa uuidgen, tofauti kwa kila seva, nikaiweka kwenye host_uuid ndani ya /etc/libvirt/libvirtd.conf, nikawasha upya libvirtd, yaani huduma ya libvirt kwenye seva. Mashine pepe hazizimiki ukifanya hivyo, kwa hiyo sikuomba ruhusa ya mtu. Kwenye matoleo mapya yaliyogawanywa vipande, faili ni virtqemud.conf. Nikarudia amri, asilimia zikapanda, mashine ikahama.

Seva ya tatu ilileta ubishi wake: prosesa ya kizazi cha nyuma, wakati mashine zilikuwa zimewekewa host-passthrough, yaani zinaiona prosesa ya seva kama ilivyo. Nilikusanya matokeo ya "virsh domcapabilities" ya seva zote kwenye faili moja, nikalikabidhi kwa amri ya "virsh hypervisor-cpu-baseline", ikanitolea aina ya prosesa ambayo zote zinaimudu. Nikaiweka kwenye kila mashine. Hapa lazima uizime kabisa kisha uiwashe. Kuianzisha upya kutoka ndani hakusaidii.

Kama huna hifadhi ya pamoja, ongeza --copy-storage-all na uandae diski ya ukubwa uleule kule inakokwenda. Itachukua muda, nenda kafanye mengine.

Wageni huiogopa "destroy" kwa sababu ya jina lake. Haifuti diski, ni sawa na kuchomoa waya wa umeme. Inayofuta usajili ni undefine.

Na baada ya kuhamisha, endesha "virsh -c mbili autostart hesabu" kwenye seva mpya. Alama ya kujiwasha haisafiri na mashine, na hutaligundua hilo mpaka siku seva hiyo itakapozimwa na kuwashwa tena.