Kisigino kwa Kidole, Lobuche

Mpwa wangu kanitumia ratiba yake jana usiku. Ni Nepal: Lukla hadi kambi ya msingi ya Everest na kurudi Lukla, siku 9. Vijiji vya njiani: Namche analala usiku mmoja, Dingboche usiku mmoja, kesho yake yuko Lobuche. Chini kaandika: "Mjomba, Kilimanjaro nilipanda kwa siku 6 na ni 5,895. Hii ni 5,364 tu." Nikamkumbuka shemeji, na usingizi ukaenda zake.

Hesabu ya kijana si ya uongo, ila anapima kisichohusika. Kilimanjaro unajinyoosha kambi ya Barafu saa chache, kwenye mita 4,670 hivi, usiku wa manane unaondoka, unafika Uhuru asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo uko Mweka, mita 3,100. Mwili haupati hata muda wa kulalamika vizuri. Khumbu, yaani huko upande wa Everest, unalala Lobuche, mita 4,940, kisha Gorak Shep, 5,164, na kushuka ni kwa bonde lilelile ulilopandia. Ndiyo maana madaktari wa milimani wanahesabu mahali unapolala, si mahali ulipogusa. Ukishavuka mita 3,000, usiongeze kimo cha kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku 3 au 4 ulale palepale mara ya pili. Kwa njia ile, usiku wa pili unaangukia Namche (3,440) na Dingboche (4,410). Ukitaka kupunguza siku, hizo mbili usizishike.

Mimi na shemeji tulipokwenda njia hiyohiyo, ratiba yetu ilikuwa nazo zote mbili. Shemeji aliipanga mwenyewe, na mnamjua alivyo: faili la plastiki, risiti zimebanwa kwa tarehe, nakala za pasipoti tatu tatu. Alichukua viza ya siku 30 kwa dola 50 badala ya ile ya siku 15 kwa dola 30, kwa sababu ya ndege za Lukla. Bima aliisoma mpaka maandishi madogo, akahakikisha inafika mita 6,000 na inalipa helikopta. Begi la mpagazi alilipima nyumbani kwa mizani ya samaki. Alichosahau kuulizia ni siku za akiba.

Oktoba ni msimu, na msimu ukikolea ndege nyingi za Lukla haziondokei Kathmandu bali Manthali, wilaya ya Ramechhap. Mnaamshwa katikati ya usiku, basi linapinda milimani kwa muda wa saa 4 au 5, alfajiri mko uwanjani mnanunua chai. Uwanja wa Lukla una njia ya mita 527, imeinama, na mwisho wake ni ukuta wa mlima. Rubani anatua akipandisha, anaruka akiteremsha, na lazima aone kwa macho. Wingu likikaa, hakuna safari. Kwetu lilikaa siku mbili.

Hizo siku mbili zilipaswa kutoka mwishoni mwa ratiba, na mwishoni hapakuwa na kitu: tiketi za kurudi zilikuwa zimeshakatwa. Ofisi ya Kathmandu ikapiga simu, sitaitaja jina, ikasema tutazifidia njiani. Moja wakaipata kwa kuunganisha vituo wakati wa kurudi. Nyingine wakaikata Dingboche. Na ile siku ya Dingboche ndiyo siku ambayo watu wengi huvuka kilima kwenda Pheriche, kwenye kliniki ya Himalayan Rescue Association, kumsikiliza daktari saa tisa alasiri akieleza maradhi ya mwinuko. Kwa hiyo tulipoteza mapumziko na somo kwa pamoja.

Basi tuko Lobuche, saa mbili usiku. Jiko la bati katikati ya ukumbi linachochewa samadi kavu ya yak, ng'ombe wa manyoya wa kule, wote tumelizunguka na makoti yetu, supu ya kitunguu saumu mezani. Shemeji hakuigusa. Akauliza kesho tunaondoka saa ngapi. Kiongozi wetu, Msherpa mmoja, mwenyeji wa milima ile, wa maneno machache, akamjibu: saa kumi na moja alfajiri. Baada ya dakika kadhaa akauliza tena. Akajibiwa tena, kwa sauti ileile. Alipouliza mara ya tatu kiongozi hakujibu. Aliinuka, akasogeza benchi ukutani, akatazama sakafu, akachagua ufa mmoja kati ya mbao mbili uliokwenda sawa kama urefu wa kitanda na nusu.

Akautembea yeye kwanza. Kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole, mikono kiunoni. Akageuka. "Sasa wewe."

Shemeji akacheka, akasema hajanywa. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mguu ulitua pembeni ya ufa, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaurudisha kwa uangalifu mkubwa. Ya nne akayumba kuelekea bomba la jiko, na kiongozi akawa ameshamdaka koti mgongoni. Hata sikumwona alivyosogea. "Tena." Mara ya pili hakufika hatua ya nne. Kile kifaa cha kidoleni kilisema oksijeni ya damu ni asilimia 74. Wengine mezani tulikuwa kwenye themanini na kidogo, lakini kiongozi hakukishughulikia sana, maana vidole vikiwa vya baridi hata namba huwa si ya kutegemea. Alishaona miguu.

"Tunashuka."

"Kesho asubuhi," shemeji akasema. "Nimechoka tu. Helikopta ipo kwenye bima." Akanyoosha mkono kutafuta faili.

"Usiku haziruki hapa."

"Kaka, nani analipa safari hii?"

"Wewe. Vaa viatu."

Akampa deksamethasoni, dawa ya dharura ya mwinuko, miligramu 8, tukatoka. Mpagazi mmoja mbele na tochi ya kichwani, shemeji katikati, kiongozi nyuma kashika mkanda wa begi lake, mimi mwisho na faili. Mteremko wa mawe wa Thukla ulikuwa mrefu kuliko tulivyoupanda, tukapumzika sana, na saa saba usiku ilikuwa imepita tulipogonga Pheriche, mita 600 hivi chini. Walimwekea oksijeni. Asubuhi akaomba chai na mayai, akatembea kwenye mstari kama askari wa gwaride.

Wenzetu waliendelea, kwa sababu kundi lilikuwa na kiongozi msaidizi. Hilo nimemwandikia mpwa wangu kabla ya mengine yote: uliza kama kuna msaidizi, la sivyo mmoja akiugua mnashuka wote, au mbaya zaidi, hashuki mtu. Nimemwambia aulize pia uamuzi wa kugeuza ni wa nani, kiongozi au ofisi, na alipwe nani mkigeuka. Kiongozi anayekatwa posho kwa kurudisha wageni atasitasita. Aweke siku 2 au 3 tupu Kathmandu mwishoni, na apokee maandishi kwamba hazitaliwa kutoka Namche wala Dingboche. Kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, amwone daktari wake mapema, dozi ya kinga kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Na wapagazi nao wana bima? Wana makoti? Kampuni ikibabaika hapo, na mengine itababaika.

Kama ile siku iliyokatwa ndiyo iliyomuumiza shemeji, siwezi kuapa. Wengine tulikatiwa siku hiyohiyo tukaishia na kichwa kuuma. Yeye anashikilia mpaka leo kwamba ulikuwa uchovu na baridi, kwamba Msherpa alimharibia safari, na ushahidi wake ni kwamba asubuhi alikuwa mzima. Nikimwambia alikuwa mzima kwa sababu alishushwa, ananiuliza nimejuaje. Sina jibu.

Ila bili ya kliniki aliipeleka bima. Fomu niliiona, aliijaza kwa mkono wake, kurasa mbili: uvimbe wa ubongo kutokana na mwinuko, kupoteza mizani, kuchanganyikiwa, kuokolewa usiku. Hakuacha kitu. Walimlipa yote.