Kutembea ufukwe wa Ushongo: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mtu wa Moshi au Arusha akipanga kwenda kutembea mlimani huuliza habari za mvua na baridi. Pwani, swali la kwanza ni maji yanakupwa, yaani yanarudi nyuma baharini, saa ngapi. Ufukwe wa Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, hauna mpando hata mmoja, na mtoto wa miaka minane anaumudu vizuri. Lakini mahali palepale ulipokanyaga mchanga mpana na mgumu asubuhi, jioni unaweza kukuta maji yamebana mpaka karibu na minazi.

Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndiyo kwanza unaandama, maji ni ya bamvua: yanakupwa mbali sana na kujaa sana. Siku hizo pwani ya Tanga maji hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kwa matembezi, chagua siku mbili hivi kabla ya hapo, maana maji hukupwa mapema zaidi, saa tatu na ushee, na jua bado halijawa kali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Mchanga unaofunuka ni mwembamba, tena saa za kukupwa huangukia alfajiri au alasiri. Ukishapata tarehe kwa kutazama mwezi, hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji, na ukifika muulize mvuvi yeyote.

Anza kutembea saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini, na ugeuke yanapofika chini, hata kama miguu bado inataka kuendelea. Sababu ni hii: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza ya kujaa huwezi hata kuona tofauti, lakini katika saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Wanaokwama ni wale waliovuka kijito kikiwa cha kifundo cha mguu, wakarudi na kukikuta kimefika kiunoni. Mchanga mgumu ulio karibu na maji unakupa kama kilomita nne kwa saa. Ule mkavu wa juu unazama na kuchosha mashavu ya miguu. Kilomita tano kwenda na tano kurudi zinatosha kabisa.

Upepo nao una neno. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, anza kuelekea kusini ili urudi ukisukumwa mgongoni. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, fanya kinyume. Aprili na Mei ziache zipite, ni masika.

Kwa nini Ushongo na si Pangani mjini? Mto Pangani unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru kupitia Nyumba ya Mungu, na tope lake huipa bahari rangi ya kahawia pale mlangoni, hasa baada ya mvua. Usiogelee hapo pia. Mtoni mna mamba. Ukisogea kusini maji yanakuwa ya buluu, na mbele yako baharini kuna Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu ambacho bamvua likijaa hufunikwa.

Safari yenyewe: Moshi hadi Tanga ni takriban kilomita 350, kupitia Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza. Kutoka Tanga shuka Pangani, vuka mto kwenda Bweni, kisha chukua bodaboda. Lala huko usiku mmoja kabla. Ukijaribu kuunganisha safari na matembezi siku moja, maji hayatakusubiri.

Viatu vya mlimani viache nyumbani. Vinajaa mchanga, vikilowa havikauki. Yeboyebo au raba kuukuu zinafaa. Kandambili hukatika kwenye miamba ya matumbawe. Maji ya kunywa beba lita mbili kwa mtu mzima, pamoja na pakiti moja ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu, jasho linatiririka bila kukupoza, na mtu aliyezoea baridi ya Arusha hachelewi kupata kizunguzungu. Kofia iwe na kamba. Chukua kanga au kikoi cha kujisitiri unapopita kijijini, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha wavuvi na samaki wao.

Ukiingia majini, buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, aliyejifukia mchangani ashtuke na kuondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi. Joto hupunguza makali ya sumu. Kisha nenda zahanati, kwa kuwa kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani na kidonda kikaoza.