Kutoka Buzuruga hadi Namagondo, nikiisaka Mzingile

Kitabu cha kwanza nilikipata bila kukitafuta. Nilikuwa stendi ya Buzuruga, Mwanza, nikisubiri basi la Musoma, na kijana mmoja alikuwa ametandika kiroba chini akapanga biashara yake: kemia ya kidato cha pili, maisha ya watakatifu, mitihani iliyopita ya darasa la saba. Katikati ya vitu hivyo ilikuwapo Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, jalada limepauka, mgongo umebanwa kwa gundi ya viatu. Shilingi elfu mbili. Niliifungua gari lilipoanza kutembea, na mpaka leo siwezi kusema Bunda tuliipita saa ngapi.

Mimi Kezilahabi nilimjua wa shuleni. Nilimjua wa Rosa Mistika na Kichwamaji, mtu wa kukueleza baba mlevi na kijana aliyevurugwa na elimu, ukamwona mtu kabisa yuko mbele yako. Sasa huyu wa 1990 ananiingiza kwenye mji uliojaa ukimya, ananikutanisha na wanafalsafa waliokufa zamani kana kwamba ni majirani waliokuja kuomba chumvi. Wapo wasomaji waliomlaumu kwamba hapo alitupotezea. Mimi nilipotea kweli, ila kwa raha zangu. Kisha nikasikia kuwa safari ile inaendelea kwenye Mzingile, ya 1991, iliyochapwa kule kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ugonjwa ukaanzia hapo.

Nimeuliza Mwanza yote. Maduka ya vitabu yana vya mtaala. Wale wa vitabu vya mitumba pembeni mwa barabara wamenizoea mpaka wananiita Mzingile. "Hivyo vya zamani havitoki, kaka," mmoja aliniambia, "watu wanataka vya mitihani." Lakini ni huyo huyo aliyenipigia Ijumaa moja jioni. Mwaka jana alinunua katoni moja kwa mwalimu mstaafu wa Ukerewe, upande wa Namagondo, na anakumbuka yule mzee alitoa kitabu kimoja kwenye katoni akakirudisha ndani, akasema hiki hakiuzwi. Jina la kitabu hakulishika. "Kilikuwa chembamba," alisema. Namagondo ndiko alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe, mwaka 1944. Mtu mwenye akili zake angesema hiyo si dalili. Jumamosi asubuhi nilikuwa bandarini, tiketi ya Nansio, bandari ya Ukerewe, mkononi.

Mama yangu hapendi nipande meli. Tangu kivuko kile kizame karibu na Ukara mwaka 2018, ukimwambia Ukerewe anakukumbusha kwamba kuna njia ya Bunda na Kisorya, kana kwamba huko nako hakuna maji ya kuvuka. Nilimtumia ujumbe meli ilipokwishaondoka. Jiwe la Bismarck likabaki nyuma, nyumba za mlimani zikapungua mpaka zikawa kama kokoto zilizomwagwa, na kwa saa tatu na ushee nikakaa kati ya matenga ya nyanya na bibi mmoja aliyelala fofofo, kichwa juu ya bega langu. Sikuthubutu kusogea.

Nansio nilikula ugali wa muhogo kwa sato, nikapanda bodaboda. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Nilipomtajia Kezilahabi alicheka. "Yule wa Rosa Mistika? Tulimsoma. Wewe ni ndugu yake?" Nikasema mimi ni msomaji tu. Alinitazama kwenye kioo cha pikipiki kwa muda mrefu kuliko usalama unavyoruhusu. Njiani muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya majabali, mweupe, na kila penye jabali pana palikuwa na mbuzi anayefukuzwa.

Kwa mwalimu tulimkuta mjukuu tu, binti wa darasa la sita. Babu ameenda shamba. Vitabu? "Vile vya zamani bibi alimpa mama wa karanga."

Nilihisi miguu imelegea. Mama wa karanga alikuwa chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka pale, na mbele yake sinia la karanga zilizofungwa kwenye vipande vya karatasi vilivyosokotwa kama pembe. Nilinunua kumi. Nikavifungua kimoja kimoja palepale, karanga nikizimimina mfukoni, yeye akinitazama kimya kama anayemtazama mgonjwa. Kipande cha kwanza: ng'ombe watatu na swali la kugawanya. Cha pili: eneo la pembetatu. Cha tatu mpaka cha kumi: hesabu, hesabu, hesabu. Sijawahi kuipenda hisabati kama siku ile.

"Baba, hizo karanga zina nini?" hatimaye aliuliza.

"Hazina kitu, mama. Tamu sana."

Mwalimu alirudi jua likianza kupoa, jembe begani, suruali imekunjwa hadi magotini. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanawa kwanza, akavaa shati, ndipo akakaa kunisikiliza. Nilimweleza yote, hata ya karanga. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

Mzingile. Kurasa zake zilikuwa zimeachia zamani, naye alikuwa amezishona upya kwa uzi wa nyavu, ule wa nailoni, tundu kwa tundu, fundo limekazwa kama mtu anayetarajia kitabu kitavutwa na sangara. Ukikisogeza puani kilinukia moshi wa kuni, na kwa mbali dagaa.

"Nauza?" aliniuliza kabla sijamuuliza. "Siuzi."

Nikamwomba basi nikapige picha ukurasa kwa ukurasa. Akakataa, kwa upole lakini bila kujieleza. Nadhani angekubali ningengoja, ila nilikuwa na papara, na kwa papara hiyo nikatoa Nagona begini ili ajue mimi si dalali.

Uso wake ulibadilika. Aliipokea kwa mikono miwili. Ya kwake, alisema, alimwazima mwanafunzi mwaka 1994, kijana mwenye akili sana, aliyeondoka nayo kisiwani na hajarudi. "Miaka yote hii nina mwisho, sina mwanzo," alisema. Mimi nilikuwa na mwanzo, sina mwisho. Tulikaa hivyo barazani kidogo, kila mmoja ameshika kitabu cha mwenzake.

Yeye ndiye aliyesema. Niache Nagona, niende na Mzingile, turudishiane kabla ya masika. Hakuna maandishi, hakuna dhamana. "Ila usiniletee habari ya kwamba imeloa."

Usiku nililala gesti Nansio bila kukifungua. Nilitaka nikisomee majini. Asubuhi, meli ilipokaa sawa katikati ya ziwa, nikafungua kitambaa. Mwalimu ana tabia ya kuandika pembeni kwa penseli, herufi ndogo za ubaoni, zimelala upande mmoja. Ukurasa wa tatu tu alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi, na kando yake ameandika: "Linganisha na Nagona, uk. 41."

Nikanyoosha mkono kwenye begi.