Nilivyofuma blanketi la korosho kwa masweta ya mitumba

Huyo anayewaambia kwamba nguo yoyote ya mitumba lazima ichemshwe, hajawahi kuchemsha sufu. Mimi nimechemsha.

Nipo Njombe, na Juni ya huku si mchezo. Wifi yangu alipokaribia kujifungua nikajiapiza kumfumia mtoto blanketi kwa mkono. Duka la nyuzi nililoingia lilikuwa na akriliki tu, uzi wa plastiki, ile inayokwaruza kama gunzi. Mwenye duka ananiapia, "Laini hiyo, dada." Nikamwomba ajisugue nayo shingoni. Hakupenda. Bonge moja elfu tatu au nne, na blanketi lingekula saba au zaidi. Nikaaga.

Siku ya gulio nikachimba rundo la mitumba nikaibuka na sweta la kiume la kijivu, laini kama tumbo la paka, kwa elfu mbili na kitu. Jirani yangu, ambaye hakuna asichokijua, akanionya: "Chemsha kwanza dada, hujui kavaa nani."

Nikabandika sufuria, nikamwaga sabuni ya unga, nikakoroga kwa mwiko kama nasonga ugali. Baada ya dakika ishirini nikaopoa kitu nisichojua nikiiteje. Sweta la baba mwenye kitambi limekuwa la mtoto wa chekechea, zito, gumu kama zulia la mlangoni. Natafuta ncha ya uzi nifumue, ncha hakuna. Sufu ina vigamba vidogo visivyoonekana kwa macho. Moto, sabuni na kukorogwa vinaving'ang'aniza, na vikishashikana ndiyo basi tena.

Siku hizi sokoni sitazami rangi kwanza. Nageuza sweta ndani nje, nakagua mshono wa ubavuni. Nikiona ovaloki, ule mshono wa mashine unaozungushia kingo zisichanike, narudisha rundoni hata liwe laini vipi, maana vipande vyake vimekatwa kwa mkasi na ukifumua unaambulia vijiuzi, kila mstari na wake. Ninalotaka ni lile ambalo kingo zake ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Ukikata kitanzi kimoja, tena upande unaokubali, ukavuta, ubavu mzima unafunguka mrrrr. Hiyo raha siwezi kuieleza! Lebo mara nyingi zimenyofolewa, kwa hiyo nachomoa kiuzi na kukiwashia kiberiti (mbali na meza, muuzaji mmoja alishanifukuza). Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka. Akriliki inayeyuka ikabaki kidonge kigumu.

Nikapata mawili, moja rangi ya maziwa, moja damu ya mzee. Fumua kuanzia shingoni. Uzi unatoka umejikunja kama tambi, usiogope. Nauzungusha kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, nafunga sehemu nne, naloweka kwenye maji ya baridi yenye shampuu, kisha naanika na chupa ya maji ikining'inia chini. Ukikauka umenyooka.

Mchoro sikuuhangaikia. Mama mkwe ni wa Tanga, sanduku lake limejaa kanga, na moja ina korosho pindoni. Nikainakili kwenye daftari la hesabu, kijumba kimoja kitanzi kimoja, nikafuma jioni tatu kwa mbwembwe zote. Mama mkwe akavaa miwani, akaligeuza huku na huku.

"Mwanangu, hizi figo?"

Kweli, korosho zilikuwa zimebonyea kama zimekaliwa. Kumbe kitanzi ni kipana kuliko kimo chake: kwangu vitanzi 20 vinatoa sentimita 10 za upana, lakini kwenda juu sentimita hizo hizo zinadai mistari 28. Nikafumua tena uzi uliokwisha kufumuliwa, nikapiga vijumba vyangu kwa rula, upana milimita 7, kimo 5, nikachora humo. Korosho zikasimama. Na kwa upande wa nyuma, uzi wa rangi inayosubiri zamu yake usiuache umepita mrefu, kidole cha mtoto kitanasa. Mimi nausokota na mwenzake kila baada ya vitanzi vitatu.

Lile la kijivu nililolichemsha nililikata vipande vya kushikia sufuria. Haviunguzi mkono hata kidogo. Juzi jirani kaviona, kaniomba viwili. Nikamwambia achemshe la kwake.