Mraba Uliomruka Bibi

Mwezi Oktoba 2014 babu na bibi yangu walitimiza miaka 50 ya ndoa, nami nikakabidhiwa kazi ya kupiga picha za jubilei yao kijijini kwetu, wilayani Chamwino, si kwa ustadi wowote bali kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyepata kuazima kamera kubwa. Mwenye kamera alinipa somo moja tu kabla sijapanda basi Dodoma mjini: niwashe utambuzi wa nyuso, nikiona mraba wa kijani umekaa usoni, nibonyeze.

Baada ya misa wazee waliketishwa ukingoni mwa turubai. Hatua moja nyuma yao, juani, walisimama kinamama wa kwaya wakiwa na vitenge vilivyochapwa picha ya Bikira Maria kifuani, usawa ule ule wa kichwa cha bibi aliyeketi. Jua la saa saba lilikuwa limeufifisha mno uoni wa kioo cha kamera. Niliuona mraba ukigusa shavu la babu, ukaruka, ukatulia karibu na bibi. Sikutaka kujua zaidi, nikabonyeza, na nikaendelea hivyo hivyo mara zaidi ya sitini.

Usiku, mbele ya kompyuta ya baba mdogo, tulizikuza picha. Vitone vya wino kwenye kope za Bikira Maria vilihesabika kimoja kimoja, ilhali uso wa bibi, chini ya kanga aliyoivuta hadi kwenye nyusi, ulikuwa ukungu wa kahawia usio na jicho wala kunyanzi. Baba mdogo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, Mama Maria umempatia kweli. Mama yangu je?"

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Kamera haimjui mtu. Inatafuta mpangilio wa giza na mwanga, yaani macho yaliyo meusi kuliko mashavu, na pua inayong'aa katikati yake, msingi ule ule wa mbinu ya kompyuta ya kutambua nyuso ambayo watafiti Paul Viola na Michael Jones waliitangaza mwaka 2001. Uso wa bibi, ulioinama kivulini huku jua likiwaka nyuma yake, haukuwa na tofauti hiyo. Ule wa kitenge ulikuwa nayo tele, tena umeelekea mbele na hautikisiki. Zaidi ya hayo, lenzi ya milimita 50 niliyoifungua hadi f/1.8, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi sana, kwa umbali wa mita mbili, huacha kina cha kama sentimita 10 tu ambamo vitu hutoka vikali bila ukungu, kwa hiyo hatua ile moja ilitosha kumpoteza bibi kabisa. (Kinachoniuma hadi leo ni kwamba muda wote nilikuwa nikiutazama mraba, si bibi.)

Jumapili iliyofuata nilirudi. Nilizima utambuzi wa nyuso, nikachagua nukta moja ya kulenga, nikaiweka juu ya jicho lake la kushoto, naye akanivumilia huku akiuliza, "Bado tu, mjukuu wangu?" Safari hii kope zake nyeupe zilitoka zote. Nilipomwonyesha, aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akageuka kuelekea zizini, ambako babu alikuwa ameshatoka na ng'ombe tangu alfajiri.

"Nzuri," alisema. "Mbona mwenzangu hayupo?"