Hita ya Morris katika masika ya Pemba

Kila anayeiona hita ndani ya Morris Minor yetu huuliza, Pemba hita ya nini? Swali hilo watu huliuliza kiangazi. Masika yakishaingia, ukapakia watu wenye nguo zilizorowa kutoka Wete kwenda Chake, madirisha yamepandishwa kwa mvua, kioo cha mbele hufunga ukungu kwa ndani na waipa haikusaidii kitu. Gari ya 1962 haina AC. Upepo wa hita ndio unaokufungulia kioo, na mwezi huu feni yake ilikuwa kimya.

Ami, aliyeiendesha gari hii kabla yangu, alitaka niing'oe mota niipeleke kwa fundi wa kusuka mota. "Nivumilie, Ami," nilimwambia, "kwanza niufuate umeme." Mota imejibanza chini ya dashibodi, na mipira ya maji ya moto iliyo jirani yake imekakamaa kwa umri. Sioni sababu ya kuisumbua kabla haijathibitika kuwa ndiyo mbovu.

Fyuzi inayolisha hita ndiyo hiyo hiyo ya taa za breki na geji ya mafuta. Vyote viwili vilikuwa vinafanya kazi, kwa hiyo fyuzi ingeweza kupita kuwa nzima. Nikaitoa hata hivyo. Ilikuwa imekatika zamani, ikaviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Hili linanikera kweli. Waya za gari hizi zimevikwa uzi na mpira mkavu, na zikishika moto hakuna cha kuzizuia. Tena fyuzi ya Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya gari hizi, iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, ila mzigo wake wa kudumu ni 17 tu. Ukinunua ya kisasa yenye namba ile ile, ambayo kwake ni ya mzigo wa kudumu, umeshapunguza ulinzi.

Nikatoa mita. Kwenye Morris hii, chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha gari za Kijapani tulizozizoea, na asiyelijua hilo huweza kuunguza redio kwa kugeuza betri. Kwenye swichi umeme ulikuwepo. Kwenye waya unaoingia mota, nikipima na bodi, volti 12. Lakini nilipoihamisha ncha ya bodi nikaigusisha ganda la mota lenyewe, swichi ikiwa imewashwa, nikapata 7. Volti 5 zilikuwa zikipotea baina ya ganda na bodi, yaani kwenye njia ya umeme ya kurudi betri. Nikafungua skrubu ya ethi, ile inayoliunganisha ganda na bodi, nayo imeliwa na kutu ya hewa hii ya chumvi. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikapaka vaselini, na nikaongeza waya mwengine wa ethi.

Feni ikazunguka, lakini kivivu, ikikwaruza, na mara nyengine haianzi mpaka uisukume kwa kidole. Sasa mota ilistahili kutolewa.

Kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zilikuwa bado ndefu, ila moja ilikwama ndani ya nyumba yake kwa vumbi lake yenyewe, haiigusi sawasawa shaba, yaani pete ya vipande vya shaba inayozunguka chini yake. Shaba nayo ilikuwa nyeusi. Hapa nataka kusisitiza: tumieni msasa laini wa kawaida, si ule mweusi wa kusugulia chuma, maana chembe zake hupitisha umeme zikibaki kwenye mifereji baina ya vipande vya shaba. Mifereji yenyewe niliisafisha kwa njiti ya mbao, mmoja mmoja. Ami akasema bushi, zile pete zinazoshika mhimili wa mota, tuzipake grisi. Nikamwomba radhi, nikatia oili ya cherehani, kwa sababu bushi hizi za shaba zina vinyweleo vinavyonywa oili, na grisi huviziba.

Inavuma. Upande wa dereva kioo kinafunguka hata mvua ikiwa kubwa. Upande wa abiria bado ni hafifu, kwa sababu mpira unaopeleka hewa huko umechanika kwenye kona. Nimeshaupima upana wake, na nitajaribu mpira wa kutolea maji wa mashine ya kufulia. Aliyewahi kuutumia aniambie kama unahimili joto.